Chama cha Madaktari ni Story ya Wadosi wa Nairobi? Uliza Mtu wa Wusi

Wacha nikuulize kitu. Uko Wusi, kule juu ya Mwatate, saa nne usiku, mvua imenyesha na barabara ni utelezi mtupu. Nyanya yako ameshika kifua, anapumua kwa shida. Unapigia nani?

Kama wewe ni msee wa Taita jibu unalo tayari. Unapigia jirani mwenye Probox, na kama Probox haipo basi ni nduthi, nyanya katikati, wewe nyuma ukimshikilia. Mnashuka Mwatate, ama mnapanda kuelekea Wundanyi mpaka hospitali ya Wesu. Hapo wakiona mambo ni mazito mnapewa rufaa hadi Moi pale Voi. Voi nao wakishindwa kuna Coast General, Mombasa, na hiyo ni karibu kilomita 150 za kupishana na malori usiku.

Sasa iangalie vizuri hiyo safari. Kwa kila kituo, kile nyanya anahitaji si rangi mpya ya ukuta wala utepe uliokatwa na mheshimiwa. Anahitaji mtu mmoja aliyesoma, aliye macho, na ambaye hakuhama mwaka jana. Huyo mtu ndiye story yetu leo. Nini humfanya abaki, nini humfukuza, na chama chake cha kitaaluma kinahusika vipi na hayo yote.

Najua, najua. Ukisikia "chama cha madaktari" unaona wazee wa suti wakimeza samosa kwa hoteli ya Nairobi, na kidole chako kishaanza kuskroli. Subiri kidogo. Nani anakaa kwenye meza ya hicho chama ni jambo ambalo linafika hadi kwa mlango wa nyanya yako, na nitakuonyesha linafikaje.

Kwanza tutenganishe majina, juu watu huyachanganya kila siku. Kuna Kenya Medical Association, KMA, iliyoanza 1968. Hiki ni chama cha taaluma: maadili, masomo, sera, jarida la utafiti, kuongea kwa niaba ya udaktari. Ofisi zake ziko Upper Hill. Halafu kuna KMPDU, muungano wa wafanyakazi, ule huwa unauona kwa TV na mafilimbi na mabango. KMA unajiunga kwa hiari yako na unalipa ada mwenyewe. Hakuna mtu anakukata kwa payslip bila kukuuliza. Kwa hivyo kwa chama kama hicho, memba akilipa ni imani ameonyesha, na memba akiacha kulipa ametoa maoni yake bila kuandika barua.

Sasa chukua daktari mmoja, wa kufikiria tu. Ana miaka 27, amemaliza mwaka wake wa uanagenzi, kaunti imempeleka milimani. Ni yeye na mwenzake mmoja, na huyo mwenzake yuko likizo ya uzazi. Leseni yake inaangaliwa upya kila mwaka na baraza la KMPDC, na ili ipite anahitaji pointi 50 za masomo endelevu. Pointi zinapatikana wapi? Kwa makongamano, warsha, mihadhara. Kwa miaka mingi mihadhara ya maana ilikuwa Nairobi na Mombasa, hotelini, siku za kazi. Aende, wodi ibaki na nani? Asiende, leseni ifanyweje?

Unaona vile kitu kidogo kama hicho kinamwambia mtu, "hapa hukuwa kwa hesabu"? Hakuna aliyekaa chini akapanga kumtesa. Ni vile waliopanga ratiba wote walikuwa wanaishi dakika ishirini kutoka hotelini.

Corona ilipoingia 2020 mihadhara yote ikahamia Zoom. Ghafla daktari wa Taita akawa darasa moja na profesa wa Kenyatta, amevaa koti juu na slippers chini, anauliza swali na anajibiwa. Kwa maoni yangu, hiyo ilifanya mengi kwa wale wa mbali kuliko hotuba kumi kuhusu ujumuishaji. Na ukweli unaochoma kidogo ni kwamba hakuna kiongozi aliyeileta. Virusi vilileta.

Pointi ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni upweke, na hapa nataka tukae kidogo. Mshahara huwa unatajwa kila mara daktari akihama kaunti, na ni kweli mshahara unauma, hasa ukichelewa. Lakini ongea na yeyote aliyewahi kufanya kazi hospitali ndogo atakwambia kuhusu kitu kingine: ile saa tisa usiku ambapo mama anatoka damu, wewe ndiye mkubwa kuliko wote kwenye jengo, na una miaka 27. Unataka mtu wa kupigia. Si wizara. Mtu mmoja aliyefanya hiyo kesi mara mia mbili, ambaye ataamka na asikufanye ujione mjinga. Chama kizuri ni hiyo namba ya simu. Chama kibaya ni risiti ya M-Pesa na kalenda ya ukutani mwezi wa kumi na mbili.

Na Taita Taveta si kaunti ndogo ya mchezo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671, na karibu asilimia 62 ya ardhi iko ndani ya mbuga za Tsavo. Maana yake watu wamesambaa huku na kule, ndovu wako njiani, na barabara kuu ya Mombasa inakata katikati na ajali zake. Hospitali ya Voi inapokea majeruhi wa basi ambalo hata abiria mmoja si wa kaunti. Daktari wa hapo anaona mambo ambayo mwenzake wa mtaa wa kifahari Nairobi anayasoma tu. Lakini jiulize ni mara ngapi umemsikia mtu wa Voi akitambulishwa kama sauti ya udaktari wa Kenya.

Walioachwa nje wakafungia wengine nje

KMA haikudondoka kutoka mawinguni. Kabla ya 1968, chama cha madaktari hapa kilikuwa tawi la Kenya la British Medical Association, BMA. Na hiyo BMA yenyewe ina story ambayo ukiisikia utacheka, halafu utakoma kucheka.

Ilianza 1832 mji wa Worcester, Uingereza, na daktari anaitwa Charles Hastings. Jina la kwanza lilikuwa Provincial Medical and Surgical Association. Yaani chama cha madaktari wa ocha. Hawa walikuwa wasee wa mikoani, mbali na London, mbali na vyuo vikubwa vya wadosi wa jiji, wakaamua wajipange wenyewe, wasomeshane, wachapishe kazi zao. Ndiyo, ile taasisi nzito tunayoijua leo ilianzishwa na watu wa Voi wa enzi hizo.

Ikakua. Mwaka 1856 ikabadilisha jina kuwa BMA. Mwaka 1873 ikampokea mwanamke, Elizabeth Garrett Anderson. Halafu memba wakashtuka na walichokifanya. Mwaka 1878 wakapitisha kwamba wanawake wengine wasiingie. Walishindwa kumtoa aliyekuwa ndani, kwa hivyo wakafunga mlango nyuma yake, na mama akakaa humo peke yake kati ya maelfu ya wanaume kwa miaka 19, mpaka 1892.

Soma hiyo tena polepole. Watu walioanzisha chama kwa sababu walikuwa wanadharauliwa kwa kuwa mbali, waliponona kidogo wakatafuta wa kumdharau.

Marekani nako ni hivyo hivyo, na ngozi juu. Madaktari weusi walifungiwa nje ya vyama vya madaktari, wakaanzisha chao, National Medical Association, mwaka 1895 mjini Atlanta. Chama kikubwa, AMA, kiliomba msamaha rasmi 2008. Piga hesabu: miaka 113.

Siwachomi wazungu hapa, hebu tuelewane. Nakuonyesha ugonjwa ambao hauulizi pasipoti. Chama huanza kama mlango na bila mtu kugundua kinageuka ukuta. Kawaida hakuna mkutano ambapo watu wanasema "tuwe ukuta". Inakuja kwa vitu vidogo: mkutano unafanyika mji ule ule kila mwaka, kamati inachaguana yenyewe kwa yenyewe, kijana anaambiwa "ngoja zamu yako", na zamu inakuja akiwa na miaka 52.

Vijana wa Kenya hawakungoja

Turudi nyumbani. Mwaka 1994 madaktari wa Kenya waligoma wakitaka waruhusiwe kusajili muungano. Serikali ya KANU ikakataa kabisa, na wengi waliumia kwa hiyo vita. Ilibidi tungoje Katiba ya 2010, ile iliyompa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na muungano, ndio KMPDU ikasajiliwa 2011. Waliojaa humo walikuwa vijana. Na walipata kule kitu ambacho chama cha taaluma kilikuwa kimechelewa kuwapa: hasira yao ilichukuliwa kama ajenda, si kama utovu wa adabu.

Unakumbuka zile siku 100? Tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017. Mkataba wa pamoja, ile CBA ya 2013, ulikuwa umetiwa sahihi na kuwekwa kabatini. Februari 2017 viongozi saba wa muungano wakafungwa jela kwa kudharau korti. Madaktari wakajaa barabarani na mastethoskopu shingoni, na pengine ni mara ya kwanza Wakenya wengi waliona kwamba daktari anaweza kuwa kijana anayeishi bedsitter.

Lakini kwangu mimi kipimo cha kweli cha uongozi shirikishi hakikuwa 2017. Kilikuwa 2024, na kilihusu intani.

Intani ni nani? Amesoma miaka sita, anafanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi ndio apate leseni kamili. Anakesha, anatoa damu, anakimbia na faili, anapigiwa kelele na kila mtu. Na yuko hapo mwaka mmoja tu. Hana historia kwa hiyo hospitali, na ukimbana leo mwakani atakuwa ameenda na mwingine amekuja ambaye hajui ulimbana nani. Ukitaka kubana pesa kwa mfumo wa afya, huyu ndiye nyama laini kuliko wote. Serikali iliona hivyo pia. Makubaliano yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikaja na 70,000.

Sasa jiweke kwa viatu vya daktari bingwa mwenye nyumba na gari. Mshahara wako haujaguswa. Unaweza kusema pole vijana, hata sisi tuliteseka. Hayo ndiyo maneno ambayo huua vyama: "hata sisi tuliteseka." Badala yake waligoma. Tarehe 29 Februari 2024 katibu mkuu wa muungano, Davji Atellah, aligongwa kichwani na mkebe wa vitoa machozi akiandamana na intani nje ya Afya House. Mwezi wa Machi mgomo ukaanza, ukaenda siku 56 hadi Mei 8. Swala la intani halikuisha hapo, likaburutwa mwaka mzima, na mwisho wa Desemba 2024 ndipo sahihi ikawekwa kwamba walipwe kulingana na CBA ya 2017.

Unaweza kukubaliana ama kukataa mgomo kama silaha, na nitafika hapo saa hii. Lakini angalia umbo la kitu: wenye nguvu walisimama kwa ajili ya asiye na kiti. Ukitaka kujua chama kinaongozwa vipi, usisome katiba yake. Angalia ni nani kinakubali kuumia kwa niaba yake.

Na ukitaka kujua gharama ya kutokuwa na mtu wa kukusimamia, kumbuka Desemba 2020. Dkt. Stephen Mogusu, miaka 28, alikuwa anahudumia wagonjwa wa corona Machakos kwa kandarasi. Aliugua akafa. Ikatoka wazi kwamba alikuwa amekaa miezi bila mshahara, na hakuwa na bima ya afya. Daktari wa corona, bila bima. Hakuhitaji mtu wa kumwandikia risala nzuri ya rambirambi. Alihitaji mtu wa kupiga meza miezi mitano kabla.

Kiti cha juu na kiti cha chini

Tuje kwa wanawake, juu hapa kuna habari ambazo hazikutrendi vile zilistahili.

Mwaka 2013 Margaret Mungherera, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uganda aliyekuwa akiongoza chama cha madaktari wa nchi yake, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuwa rais wa World Medical Association, chama kinachounganisha vyama vya madaktari vya dunia. Alifariki Februari 2017. Halafu Oktoba 2025, kule Porto, Ureno, kiti hicho hicho kikachukuliwa na Mkenya: Dkt. Jacqueline Kitulu. Ndiye aliyekuwa akiongoza KMA wakati wa zile siku 100, akiwa katikati ya serikali iliyokataa kusikia na vijana waliokataa kunyamaza. Msee akipewa hiyo CV, anaweza kuongoza chochote.

Je, inamaanisha shida ya wanawake kwa udaktari imeisha? Manze, hapana. Kiti cha juu ni picha nzuri. Kiti cha chini ndicho kinaamua maisha. Utafiti uliochapishwa 2016 ulihesabu madaktari wa upasuaji katika nchi za Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini. Walipata 1,690 kwa eneo zima. Wanawake? Asilimia 9. Na walio wengi walikuwa wamejazana kwa jiji kuu la nchi yao. Kwa hivyo yule nyanya wa Wusi, akihitaji kupasuliwa, amefungiwa na milango miwili kwa wakati mmoja: wa jiji na wa jinsia.

Hapa kuna chuo kimoja nataka ukijue, COSECSA. Kilianzishwa 1999, makao yake Arusha. Ujanja wake ni huu: hakina madarasa. Wanakiita chuo kisicho na kuta. Zamani, kusomea upasuaji Kenya ilimaanisha kuacha hospitali yako, kuhamia Nairobi na kukaa miaka. COSECSA ikasema, baki pale ulipo, mradi hospitali yako iwe na mkufunzi na vifaa vinavyokubalika, utajifunza hapo hapo na mtihani utafanya na wenzako wa nchi zote. Ndio maana hospitali kama Tenwek kule Bomet na Kijabe zimekuwa zikitoa madaktari wa upasuaji bila kuwa na chuo kikuu jirani. Mwaka 2015 wakaanzisha pia kikundi cha wanawake wa upasuaji, ili yule binti aliye peke yake kwa theatre ya wanaume awe na mtu wa kumpigia.

Unaona vile ukuaji huja? Hawakuongeza matangazo. Walitoa kile kilichokuwa kinazuia watu. Watu wakaja.

Kuna wale watasema haya mambo ya viti vya vijana na viti vya akina mama ni urembo tu, maua ya meza. Sitabishana nao sana, wana ushahidi. Tuna Katiba inayosema jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na Bunge limeshindwa kuipitisha hiyo sheria hadi Jaji Mkuu Maraga akashauri Rais alivunje, Septemba 2020. Halikuvunjwa. Na hata kwa vyama vya kitaaluma utaona "mwakilishi wa vijana" ambaye kazi yake ni kushika maiki wakati wa maombi ya kufungua mkutano. Kiti bila bajeti, bila kura, bila ajenda inayorudi mkutano ujao, hicho ni kibao cha jikoni. Lakini dawa ya kiti cha uongo ni kiti cha ukweli, si kurudi kwa wazee watano wanaojuana.

Na yule asiye daktari?

Hapa sasa ndipo madaktari wenyewe hawatanipenda.

Mtu wa kwanza kumgusa nyanya wa Wusi mara nyingi si daktari. Zahanati zetu zinaendeshwa na nesi ama afisa wa kliniki. Kabla yao kuna yule mama wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii, mwenye mkoba wa kupima presha na sukari. Zaidi ya 100,000 walizinduliwa Septemba 2023 kwa shangwe, posho ikawekwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Elfu tano. Kwa mtu anayetembea milima ya Taita nyumba kwa nyumba.

Kila kundi lina chama chake na hakuna ubaya hapo. Ubaya ni vile vyama hivi vinakutana tu kwa vita: nani anaruhusiwa kuandika dawa gani, nani anatambuliwa na SHA, nani aitwe "daktari". Mwanzoni mwa 2025 maafisa wa kliniki waligoma wakilalamika, kati ya mambo mengine, kwamba SHA inawafungia nje. Sikiliza mahojiano ya pande zote uone kama utasikia mtu akitaja kijiji.

Na mgonjwa? Mwaka 2017 baada ya siku 100 za madaktari, manesi nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Jumlisha. Karibu miezi minane ndani ya kipindi kisichofika mwaka mmoja, mtu wa Wusi alikuwa anafika hospitali ya umma anakuta askari wa geti tu. Mwenye pesa alienda hospitali ya kibinafsi. Asiye nayo alirudi kwa Probox. Naamini madaktari walikuwa na haki kwa yale waliyodai, na naamini pia kwamba kwa ile meza ya mazungumzo hakukuwa na kiti hata kimoja cha yule aliyerudishwa getini. Haya mawili hayapingani, na chama kinachojiita shirikishi kinafaa kuweza kuyashika yote kwa mkono mmoja. Kwa nini chama cha madaktari kisiwe na wananchi wawili watatu wa kawaida kwenye baraza lake, wenye haki ya kuuliza swali la kijinga? Maswali ya kijinga huokoa watu. "Sasa usiku nani atakuwa zamu?" ni swali la kijinga.

Sasa wewe. Labda unasoma hii ukiwa KMTC Voi, ama una beste anamalizia udaktari na atapelekwa kaunti fulani asiyoichagua. Kuna siku mtu atakuja na fomu ya chama na namba ya paybill. Usikatae. Chama dhaifu hakiponi kwa watu wazuri kukikimbia. Lakini kabla hujatuma chapaa uliza kwa upole, vile ungeuliza makanga kabla ya kupanda: mara ya mwisho mlikutana Voi lini? Kura napiga kwa simu ama lazima nifike Nairobi? Kwa kamati kuna mtu wa chini ya miaka 35 mwenye kura, na kuna mtu anayefanya kazi nje ya jiji? Nikikwama na mgonjwa usiku, napigia nani?

Ukiambiwa "tutakurudia", lipa bado, lakini ingia na homework. Taita Taveta ina hospitali ya Voi, Wesu, Mwatate na Taveta. Kusanya majina humo, watu kumi wanatosha kuanza. Andikeni barua muombe mihadhara ije huku mara moja kila miezi mitatu, ile mingine iwe mtandaoni na isiwe saa za wodi. Mwalikeni nesi wa zahanati aeleze kesi moja iliyomshinda na kile angetaka daktari wa rufaa ajue. Mwalikeni yule mama wa mkoba wa presha, na mlipe nauli yake ya kushuka mlima. Jumamosi moja asubuhi, ukumbi wowote wenye feni. Pointi zihesabiwe kama za Upper Hill.